Pima Kwanza

Siku ya nne tangu upepo uvue mabati ya mazizi,
tuko juu ya Hawick, kwenye bonde lisilo na duka,
mimi na Dougie Turnbull, na lori lenye matope hadi kwenye taa.
Barafu imeuvisha waya soksi nene kama mkono wangu.
Nguzo moja imelala chali shambani, kondoo wanaikwepa
kama waombolezaji wanavyomkwepa mlevi msibani.

Tukasimamisha mpya. Nikaikumbatia, nikainusa:
dawa ile ile ya miti, nyeusi, chungu,
iliyorudi nyumbani kila jioni ndani ya koti la baba
aliyemenya mikaratusi kiwandani Njombe.
Nguzo elfu ngapi zilipita mikononi mwake?
Nyumba yetu iliunganishwa nimeshamaliza darasa la saba.

"Tum," ananiita Dougie, maana Tumsifu imemshinda,
"pima kwanza."
Hulitoa neno hilo kama wengine wanavyotoa salamu.
Asubuhi, pima kwanza. Baada ya chai, pima kwanza.
Alikuwa na mwenzake, miaka ya nyuma. Sikuambiwa jina.
Niliambiwa tu kwamba buti zilizobaki zilikuwa namba tisa.

Laini imezimwa kituoni, imefungwa kufuli,
ufunguo uko mfukoni, nauhisi pajani ninapopanda.
Karatasi inasema imekufa. Redio inasema imekufa.
Nikanyoosha fimbo, nikagusisha kipimo, kutimiza ada tu,
na kipimo kikalia.

Kikalia kama mtoto aliyekurupushwa usingizini.
Vidole vikaganda ndani ya glavu, na si kwa baridi.
Maiti imekunja kidole.
Dougie kule chini hakupiga kelele.
Alisema taratibu: shuka.

Tukaufuata waya kwa miguu, nguzo kwa nguzo,
hadi nyumba ya mawe, na bandani nyuma yake
jenereta inakohoa,
imechomekwa kwenye soketi ya ukutani
ikisukuma umeme nje, kinyumenyume, hadi kwenye transfoma,
na transfoma, isiyojua kubagua ajaye na aendaye,
ikaukuza hadi volti elfu kumi na moja
ikaniletea.

Nilifika mlangoni na matusi mawili, la Kibena na la hapa.
Mzee Oliver akafungua, ndevu za siku nne.
Nyuma yake, sebuleni, mkewe kitandani, mrija puani,
na mashine ya pumzi ikihema kwa zamu naye.
"Tulipiga simu," mzee akasema. "Tulipiga, tukapiga."
Matusi yangu yakakaa mdomoni kama mchanga kwenye wali.

Dougie akavua helmeti. Mimi nikapiga magoti
juu ya mkeka wa mbwa, nikachomoa waya wa jenereta ukutani,
nikaiunganisha mashine nayo moja kwa moja.
Sekunde kumi na mbili.
Mzee aliushika mkono wa mkewe sekunde zote kumi na mbili,
akiniangalia mimi, si yeye.

Nikarudi nguzoni. Nikapima. Kimya.
Nikapima tena.
Mara ya tatu nilijua napoteza muda,
na Dougie, ambaye hulalamikia hata kikombe kinachochelewa kupoa,
hakunihimiza.

Saa kumi na moja jioni giza lilikuwa limeshakomaa
nilipofunga fyuzi ya mwisho:
dirisha moja, halafu matatu, halafu taa ya zizi
ambayo mtu aliisahau ikiwaka tangu Ijumaa.
Bonde halikusema neno. Mahali fulani mtu akavuta pazia, basi.
Kwetu mtaa ungelipuka, watoto, walevi, hadi jogoo asiye na saa.
Likanitoka bila ruhusa, juu kule, kwa pafu zima:
"Umerudiii!"

Redio ikakwaruza kifuani. Dougie:
huyo Umerudi ni nani, mtu wa kwenu?
Nikamwambia ndiyo.